Mbaazi, Mjafari na Ugonjwa wa Selimundu



Leo tunajifunza juu ya ugonjwa mmoja wa damu. Wataalamu wanauita selimundu. Watu wengi wanauita sikoseli. Tutajifunza pia juu ya miti na mimea ambayo watu huitumia kuutibu. Somo hili ni refu kidogo. Kama mnasoma katika kikundi, someni sehemu moja, mzungumze, kisha mwendelee.

Pengine umewahi kumwona mtoto wa namna hii katika kijiji chako. Alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, akanenepa. Alipofika miezi sita au minane, viganja na nyayo zikavimba. Akawa analia akishikwa. Uvimbe ulipopungua, homa zikaanza. Macho yake huwa ya manjano. Damu yake huwa haba. Mifupa humwuma, na wakati wa baridi humwuma zaidi.

Wazee wengine husema ni baridi yabisi. Wengine husema mtoto amerogwa. Wengine husema mizimu ya ukoo wa mama imekasirika. Hapo safari za kwenda kwa waganga huanza. Mbuzi huuzwa. Fedha za korosho huisha. Mtoto bado analia usiku.

UGONJWA HUU NI NINI?

Damu yetu ina chembe nyekundu nyingi sana. Ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Kazi yake ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka kila mahali mwilini. Chembe nzuri ni ya mviringo na ni laini. Hupita hata katika mishipa myembamba kuliko unywele.

Kwa mgonjwa wa selimundu, chembe hizi hujipinda. Hujipinda zaidi anapopungukiwa maji, anapopata baridi, anapochoka sana au anapopata homa. Zikijipinda hufanana na mundu, yaani kile kisu kilichopinda cha kukatia mpunga au majani. Ndiyo maana ugonjwa ukaitwa hivyo.

Chembe zilizopinda ni ngumu. Hukwama katika mishipa myembamba, kama magogo yanavyokwama katika mfereji. Mahali zilipokwama, damu haipiti, na hapo ndipo maumivu makali hutokea. Tena chembe hizi hazidumu. Chembe nzuri huishi siku zipatazo 120. Chembe iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 tu. Mwili haupati nafasi ya kuzibadilisha upesi. Kwa hiyo damu hupungua, na mabaki ya chembe zilizokufa ndiyo huyafanya macho kuwa ya manjano.

UNATOKA WAPI?

Mtoto huurithi kutoka kwa baba na mama, wote wawili. Chukua punje mbili za mahindi, moja nyeupe na moja nyekundu. Tuseme punje nyekundu ndiyo mbegu ya ugonjwa. Baba anayo moja nyeupe na moja nyekundu. Mama naye vivyo hivyo. Wote wawili ni wazima, wanalima, hawajui kwamba wanayo. Mimba inapotungwa, mtoto hupokea punje moja kwa baba na moja kwa mama. Akipata nyeupe mbili, ni mzima kabisa. Akipata moja ya kila rangi, ni mzima lakini ameibeba mbegu kama wazazi wake. Akipata nyekundu mbili, ataugua.

Kwa wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Hii si kusema kwamba katika watoto wanne mmoja tu lazima augue. Kila mimba ni kama kuchota upya punje bila kutazama. Nyumba moja inaweza kupata wagonjwa wawili wakifuatana, na nyumba nyingine isipate hata mmoja.

Basi mama asilaumiwe. Mara nyingi huku kwetu mama ndiye hubeba lawama, kwa sababu mtoto huhesabiwa wa ukoo wake. Lakini bila punje ya baba mtoto huyo asingeugua.

Kwa nini mbegu hii iko kwetu kwa wingi? Daktari mmoja aliyeitwa Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichunguza damu za watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1954 alieleza alichokiona. Mtoto mwenye mbegu moja tu hauawi kwa urahisi na malaria. Kwa hiyo mahali penye malaria ya miaka mingi, watu wenye mbegu moja waliishi na kuzaa, na mbegu ikaendelea. Lakini angalia: mwenye mbegu mbili hana kinga hiyo. Malaria humwangusha vibaya sana.

Tanzania ni mojawapo ya nchi zinazozaa wagonjwa wengi zaidi wa selimundu duniani. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Bila kutambuliwa na kutunzwa, wengi hufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Hufa kwa homa, kwa kichomi au kwa kupungukiwa damu, na watu nyumbani hawajui kilichowaua.

SASA TUJE KWENYE MITI

Watu wengine wa hospitali hucheka wakisikia habari za mizizi. Hawafanyi vizuri. Kwinini, iliyotibu malaria miaka mingi, ilitoka katika gamba la mti. Dawa mseto ya malaria tunayopewa leo katika zahanati ina dawa iliyopatikana kwanza katika mmea wa Uchina. Katika nchi yetu, kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974. Mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na kukawa na baraza la kuwasajili waganga. Kwa hiyo dawa za asili si jambo la kuficha.

Swali letu ni hili: je, kuna mti unaotibu selimundu? Utafiti mwingi umefanywa Nigeria, kwa sababu nchi hiyo ina wagonjwa wengi kuliko zote. Tuangalie mambo waliyoyaona, maana mimea mingine tunayo hapa.

Mmea wa kwanza ni mbaazi. Naam, mbaazi hizi hizi tunazopanda Newala na Masasi pamoja na mahindi na mihogo. Wataalamu wa Nigeria walichukua damu ya wagonjwa wakaiweka katika kichupa. Wakaifanya ikose hewa ili chembe zijipinde. Kisha wakatia maji yaliyotolewa katika mbegu za mbaazi. Walipotazama kwa hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo, waliona chembe nyingi zimerudia umbo la mviringo.

Hapo ndipo wengine wangeruka na kusema: dawa imepatikana! Subiri kwanza. Kichupa si mwili. Kichupa hakina tumbo wala ini. Kitu kinachofanya kazi katika kichupa huenda kikaharibiwa tumboni kabla hakijafika katika damu. Au huenda ukahitaji kula debe zima kwa siku ili kipatikane cha kutosha. Ndiyo maana dawa lazima ijaribiwe kwa watu, tena kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Wagonjwa hugawanywa makundi mawili. Kundi moja hupewa dawa. Kundi la pili hupewa kitu kinachofanana nayo lakini si dawa. Mgonjwa hajui amepewa kipi. Daktari anayempima naye hajui. Mwisho ndipo huhesabu: ni kundi lipi lilipata maumivu machache? Bila hivyo hatuwezi kujua. Maumivu ya selimundu huja na kuondoka yenyewe. Mganga akitoa dawa siku ya nne ya maumivu, na siku ya tano yakaondoka, dawa husifiwa. Pengine yangeondoka tu.

Nigeria walitengeneza dawa ya maji inayoitwa Ciklavit. Sehemu kubwa yake ni mbaazi. Waliijaribu kwa wagonjwa 100, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Waliokunywa walionekana kupata maumivu mara chache zaidi. Hiyo ni habari njema. Lakini wataalamu wengine walipoyapitia matokeo hayo waliona jambo la kutia wasiwasi: huenda dawa hiyo ilipunguza kidogo wingi wa damu. Na mgonjwa wa selimundu tayari ana damu haba. Kwa hiyo hawakusema ndiyo wala hapana. Walisema ichunguzwe zaidi.

Je, tumnyime mtoto mbaazi? Hapana. Mbaazi zilizopikwa ni chakula kizuri sana. Zinajenga mwili, na ndani yake mna foliki, kitu ambacho mwili hutumia kutengeneza chembe mpya za damu. Mpe ale kama chakula. Lakini bakuli la mbaazi si chupa ile ya dawa. Wala usiloweke mbaazi mbichi na kumnywesha mtoto maji yake kama dawa.

Dawa ya pili ina hadithi ya kusikitisha kidogo. Mganga mmoja wa jadi wa Nigeria alikuwa na dawa ya mchanganyiko wa mimea minne. Hakuificha. Aliipeleka katika taasisi ya serikali ya kuchunguza dawa. Mmoja wa mimea hiyo ni karafuu, ile ya Unguja na Pemba. Mwingine ni majani ya mtama. Wa tatu ni mbegu za mmea ulio ndugu wa pilipili manga. Wa nne ni mti ulio ndugu wa mninga wetu. Dawa iliitwa Niprisan. Waliijaribu kwa wagonjwa 82 kwa utaratibu ule tuliouona, na mwaka 2001 wakatangaza kwamba maumivu makali yalipungua. Mwaka 2006 ilianza kuuzwa Nigeria kwa jina la Nicosan. Kisha, mwaka 2008, kampuni ya Marekani iliyokuwa na haki ya kuitengeneza ikafilisika. Wagonjwa waliokuwa wameizoea wakabaki wanaitafuta. Dawa haikushindwa na ugonjwa. Ilishindwa na mambo ya fedha.

Usiende sasa kuchanganya karafuu na majani ya mtama nyumbani. Wafugaji wanajua kwamba mtama mchanga una sumu, na ng'ombe akiula huweza kufa. Taasisi ile ilipima kila kitu kwa mizani na kuchunguza sumu kwanza. Na huo ndugu wa mninga si mninga. Mninga wetu ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na watu hudhani unaongeza damu. Wekundu si damu. Hata kutu ni nyekundu.

Mti wa tatu ni mjafari. Unaujua: gamba lake lina vinundu vyenye miiba, na majani yake yakifikichwa hunukia kama ndimu. Huko Nigeria wana ndugu yake, ambaye mizizi yake hutumiwa kuwa mswaki. Wataalamu wa chuo kikuu cha Ife walitangaza mwaka 1971 kwamba maji ya mizizi hiyo huzuia chembe kujipinda katika kichupa. Burkina Faso nao wametengeneza dawa inayoitwa FACA, wakichanganya mizizi ya mti huo na mmea mwingine wenye utomvu mkali. Kinshasa, katika Kongo, wataalamu wa chuo kikuu wamepima mimea mingi ya kwao na kuona kwamba rangi nyekundu na zambarau zilizomo katika baadhi ya majani ndizo zinazozuia chembe kujipinda. Hii pia ni kazi ya kichupani. Mjafari wetu si mti ule wa Nigeria, ijapokuwa ni ukoo mmoja. Katika ukoo mmoja unaweza kupata mtu mpole na mtu mkali.

FUNDISHO LA MHOGO

Kuna wanaouliza: mhogo je? Miaka ya 1970 madaktari wa Marekani walijaribu kuwatibu wagonjwa wa selimundu kwa dawa iliyoitwa sianeti. Dawa hiyo inahusiana na sumu iliyomo katika mhogo mchungu. Katika kichupa ilifanya vizuri sana. Kwa watu iliharibu mishipa ya fahamu, wengine wakaumwa miguu, na matibabu yakaachwa.

Sisi hatuhitaji kwenda Marekani kuona nguvu ya sumu hiyo. Mwaka 1988, katika Wilaya ya Masasi, kulikuwa na ukame na njaa. Watu walitengeneza unga wa mhogo mchungu haraka haraka, bila kuuacha siku za kutosha. Wengi waliugua ghafla baada ya kula: kizunguzungu, kutapika, kuishiwa nguvu. Sumu hiyo hiyo, mtu akiila kwa majuma mengi huku hana chakula kingine cha kutosha, huweza kumpoozesha miguu. Ugonjwa huo huitwa konzo. Mhogo ni chakula chetu, tunaujua tangu utoto, na bado ukikosewa matayarisho hudhuru. Sasa fikiri juu ya mzizi ambao hujui hata kipimo chake, unapewa mtoto wa miaka miwili ambaye ini lake tayari lina kazi nyingi.

DAWA INAYOJULIKANA

Kwanza mtoto apimwe damu. Nenda zahanati, uwaambie wazi: nataka mtoto apimwe selimundu. Kama hawana kipimo watakuelekeza hospitali ya Newala, Mkomaindo huko Masasi, Ndanda, au Ligula huko Mtwara. Tone la damu linatosha.

Akionekana ana ugonjwa, atapewa vidonge vya foliki. Akiwa mdogo, chini ya miaka mitano, atapewa pia penisilini kila siku ili kumkinga na kichomi na homa za damu. Apate chanjo zote. Alale ndani ya chandarua kila usiku, hata wakati wa kiangazi.

Ipo pia dawa inayoitwa haidroksiyurea. Unakumbuka tulisema mtoto huzaliwa mzima na huanza kuugua baada ya miezi kadhaa? Sababu ni kwamba mtoto hutoka tumboni na damu ya namna nyingine, isiyojipinda. Damu hiyo huisha polepole. Haidroksiyurea huufanya mwili uitengeneze tena damu ile ya utotoni. Dawa hii ilijaribiwa kwa watoto 606 katika nchi nne: Angola, Kongo, Kilifi huko Kenya na Mbale huko Uganda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua na vifo vilipungua. Si dawa ya kununua sokoni. Mgonjwa lazima apimwe damu mara kwa mara, na mama mwenye mimba haifai kwake. Hapa nchini Muhimbili ilianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utaratibu, na maelfu wameandikishwa. Profesa Julie Makani, daktari Mtanzania, ni mmoja wa walioongoza kazi hiyo.

MAJI NA BARIDI

Dawa nyingine haiuzwi, lakini huku juu ni ngumu kupatikana. Ni maji. Mgonjwa lazima anywe maji mara kwa mara, mchana na usiku, mpaka mkojo wake uwe mweupe. Wenyeji wa Mkunya wanajua shida yetu. Mchanga wa uwanda huu hunywa mvua yote, na chemchemi ziko chini kabisa bondeni. Bibi zetu walishuka na kupanda mlima kwa ajili ya mtungi mmoja. Hata leo bomba likikatika, maji hugawanywa kwa kikombe. Basi katika nyumba yenye mgonjwa, mtungi wake utengwe. Maji ya kufulia yapungue kwanza, ya mtoto yapungue mwisho. Mtoto wa shule aende na chupa yake. Mwalimu aambiwe, kwa sababu mtoto huyu hukojoa mara nyingi, na usiku huweza kukojoa kitandani. Asipigwe kwa hilo.

Mwezi wa Juni na Julai ukungu hupanda Newala asubuhi na baridi huwa kali. Mvishe sweta na soksi. Asioge maji baridi. Wakati wa korosho asiokote juani kutwa nzima.

Maumivu yakianza, mpe maji mengi, mfunike, mpe parasetamo kwa kipimo alichoandikiwa. Usimchanje chale. Jeraha lake huingiliwa na vijidudu upesi. Usimpe dawa ya kuharisha au kutapisha, maana maji yatamtoka na chembe zitajipinda zaidi. Vidonge vya madini ya chuma visitolewe mpaka daktari aseme.

Usingoje, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, ukiona hivi: homa, kupumua kwa shida au kifua kuuma, kuwa mweupe ghafla, bandama kuvimba upande wa kushoto wa tumbo, mkono au mguu mmoja kulegea au mdomo kwenda upande, au uume kusimama kwa muda mrefu na kuuma. Bandama ya mtoto huyu huweza kujaa damu kwa saa chache akafa. Mfundishe mama kuishika na kuipima kwa vidole kila jioni.

UKITUMIA DAWA YA MITI, ANDIKA

Najua kwamba baada ya kusoma yote haya, bado bibi atachemsha mizizi. Ana uchungu na mjukuu wake. Basi usimwache mtoto aache dawa za hospitali, na usimfiche daktari. Umejifunza kusoma na kuandika, sasa tumia daftari. Andika hivi:

14 Juni. Baridi asubuhi. Mguu wa kulia unauma. Nimempa maji na parasetamo. Jioni nafuu.

20 Juni. Bibi amempa maji ya mizizi ya mjafari, kikombe kimoja cha chai. Usiku ametapika mara mbili.

21 Juni. Macho manjano zaidi. Tumekwenda zahanati.

Daktari akisoma mistari hiyo mitatu anajua la kufanya. Peleka daftari kila siku ya kliniki. Kama hujui jina la mti, au unalijua kwa Kimakonde tu, kata tawi dogo lenye majani, na maua au matunda kama yapo. Lilaze kati ya kurasa za gazeti, uweke jiwe juu, ubadilishe karatasi kila siku mpaka likauke. Andika jina la mti, mahali ulipoota na tarehe. Wataalamu wa mimea huweza kuutambua mti kwa tawi kama hilo. Hata gazeti hili, mkishalisoma wote, linafaa kwa kazi hiyo.